Watu Kumi na Wawili Niliowatoa Kundini

Nimeombwa niwaandikie kurasa chache nyinyi mnaoingia kwenye kazi niliyoiacha. Daktari wetu alitaka ziwe za maelekezo: jinsi ya kuandika tarehe, jinsi ya kuhifadhi sauti, jinsi ya kupanga faili. Hayo yako kwenye mwongozo, na mwongozo niliuandika mimi, kwa hivyo najua ni mzuri na najua hamtausoma. Hapa nitawapa yale ambayo hayakuingia humo kwa sababu niliona haya kuyaandika. Majina ya watu wa kundi letu la simu nimeyabadilisha yote. La kwangu nimeliacha, maana kosa ni langu.

Naitwa Karimi. Ni mtoto wa mwenye duka, nimezaliwa hapa Isiolo mjini, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kuuliza watu maswali na kuandika majibu. Nimeuliza kuhusu chanjo, vyandarua, vyoo na mifugo, na mwishoni nikaingia kwenye hii ya afya ya akili kwa simu ambayo ndiyo mnayoirithi. Nina tabia moja mtakayoisikia kwa watu, bora niiseme mwenyewe: napenda orodha safi. Jina lisilo na alama mbele yake huninyima raha. Hata nguo kwenye kamba naanika kwa rangi. Mume wangu husema siku ya kiyama nitamwuliza malaika kama amehakikisha majina. Anatania, lakini si sana.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Farah. Alikuwa mjukuu wa askari wa zamani, wale walioletwa na mkoloni wakabaki Isiolo, na familia yake ilikuwa ya malori. Yeye mwenyewe alikuwa karani wa malori kabla ya kuwa msimamizi wetu. Hakuwa na haraka hata kidogo. Tukifika kwa watu, mimi nilikuwa na kalamu mkononi na swali la kwanza mdomoni. Yeye alisalimia: salaam aleikum kwa wenye kuitikia hivyo, habari kwa wengine, kisha mvua, mifugo, watoto, wagonjwa na safari, halafu akatulia. Siku moja nilimwonyesha saa. Akaniangalia kwa upole na kusema, "Karimi, hawa watu hawakukuita. Umejileta. Basi kaa."

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba ukishauliza, unyamaze. Usimsaidie mtu kujibu. Hesabu moyoni mpaka ishirini. Mara ya kwanza nilipojaribu nilifika saba nikadhani nitapasuka. Nilipofika kumi na tano, yule mama niliyekuwa nikimhoji akavuta pumzi, akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia hata dada yake. Tangu hapo nikawa nahesabu kila siku, na kwa hilo najisifu bila aibu. Mwenye kukaa mbele yangu akinyamaza, nilimwelewa. Kunyamaza kwa mtu kwenye simu ndiko kulikonishinda, na huko tutafika.

Msidhani kwamba enzi za karatasi tulikuwa na akili zaidi. Mwaka wetu wa kwanza wa maswali ya afya ya akili tulikwenda Leparua na fomu ndefu. Unasoma: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa usingizi, umekosa hamu ya kula, umejiona huna maana? Anayejibu anachagua kati ya kamwe, siku chache, siku nyingi, au karibu kila siku. Nyumba ya kwanza, kila swali jibu lilikuwa karibu kila siku. Ya pili vivyo hivyo. Nikafika nyumba ya kumi na moja majibu hayajabadilika hata moja, na mwenye nyumba mwenyewe anacheka, uso umejaa afya, anamtuma mtoto alete kiti kizuri. Jioni nikamwambia Bwana Farah kwamba nimegundua kijiji ambacho kila mtu ni mgonjwa sana. Alicheka mpaka akavua miwani. Habari ilikuwa imenitangulia kwamba atakayepata alama nyingi ataandikwa kwenye unga wa msaada. Nyumba ya mwisho walikuwa wananisubiri na gunia.

Tulirudia kijiji kizima. Safari hii Bwana Farah alianza kwa kuwaambia watu kwamba hatuna unga, hatuna dawa, hatuna mradi, tuna masikio tu. Wengi wakaondoka zao. Waliobaki ndio waliotupa kazi ya kweli. Kwa hivyo mtu mwambieni mapema kitu ambacho hamna. Mambo mnayoweza kumpa mnaweza kumwambia baadaye, kwa utaratibu.

Basi, tuje kwenye simu. Daktari, mtafiti wetu mkuu, anakaa Nairobi na huja kwetu mara chache kwa mwaka. Alipoleta wazo la kundi la WhatsApp nilikuwa wa kwanza kupinga. Alitaka watu waliowahi kutibiwa sonona na wasiwasi kwenye zahanati zetu, wa mjini, wa Kinna na wa Leparua, wawekwe pamoja wasaidiane wenyewe kwa wenyewe. Sisi kazi yetu ingekuwa kuangalia na kuandika: je, kweli mtu aliyepitia ugonjwa anaweza kumshika mkono mwenzake kwa simu? Nilimwambia Daktari kwamba hapa kila mtu ni binamu ya mtu, hakuna atakayefungua mdomo.

Walifungua. Kundi wakaliita Tumeamka, kwa sababu kila asubuhi anayeamka alikuwa anawaambia wenzake kwamba ameamka, na kwa wale watu hiyo ilikuwa habari ya maana kweli. Mtu ambaye kwenye benchi la zahanati alikuwa anaangalia viatu vyake, sasa alitembea nyuma ya mbuzi akirekodi ujumbe wa sauti wa dakika tatu mfululizo. Nilipoandika maneno yao nilisikia kengele za mifugo, birika likichemka, pikipiki, mwadhini, kuku aliyekosea saa. Mkiandika, msiwanyooshee watu Kiswahili chao. Mtu akisema "hii maneno imenishinda," andikeni hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyomshinda.

Na msikate salamu. Mimi nilizikata miezi miwili mizima ili nimalize mapema. Kulikuwa na mwanakundi mmoja, nitamwita Mwenda, Mmeru mwenzangu anayeuza kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Kila ujumbe wake ulianza na salamu ndefu kama hotuba ya harusi, nami nikawa naruka mpaka kwenye kile nilichodhani ni maneno yenyewe. Siku moja akalazwa hospitali, na hakuna dalili yoyote niliyokuwa nimeiona kwenye maandishi yangu. Nikarudi kusikiliza sauti zenyewe. Siku zake nzuri alikuwa anasalimia kila mtu kwa jina na kumwuliza juu ya mtoto au mguu unaouma. Siku zake mbaya alisema tu, "Habari zenu." Wiki nzima kabla ya kulazwa alikuwa anasema habari zenu, na mimi nilikuwa nimezitupa. Alipopona nilimweleza. Akasema, "Madam, kwa hivyo ulikuwa unakula maganda unatupa ndizi." Tangu hapo tukawa marafiki.

Sasa nifike kwa Mzee Jillo, ambaye ndiye sababu ya kurasa hizi.

Mzee Jillo ni Mborana wa Kinna. Alikuwa na ng'ombe wengi, ukame ukawamaliza, na yeye akamalizika nao kwa namna yake. Alikaa ndani ya nyumba miezi saba amegeukia ukuta. Chakula alikula kidogo tu, na kile kidogo ni kwa sababu binti yake Qabale alikaa karibu naye mpaka sahani iishe. Zahanati ikamwanzishia dawa, akapata nafuu ya kutoka nje, akaanza kusaidia kwenye shamba dogo la vitunguu ambalo Qabale hulimwagilia kwa zamu ya mfereji. Nilimkuta kwenye benchi la zahanati siku ya kuchukua dawa. Nikamweleza juu ya kundi. Alisikiliza, kisha akaniuliza swali moja tu: "Huko nitatakiwa kusema?"

Nikamjibu, "Hapana, mzee wangu. Si lazima useme chochote. Kaa tu usikize."

Akanipa mkono akasema ndio. Nikamsomea fomu ya kukubali utafiti mbio mbio, maana kulikuwa na watu wanane nyuma yake, akaweka kidole. Nikamwekea alama kwenye orodha yangu na kwenda kwa mwingine.

Na kweli alikaa akasikiliza. Karibu mwaka mzima hakutuma neno, wala nukta, wala ile mikono ya kusali ambayo watu hutuma wakikosa la kusema. Qabale aliniambia siku moja sokoni kwamba kila asubuhi, akingoja maji yafike kwenye mtaro wake, mzee huweka simu juu ya bega, karibu na sikio, anasikiliza watu wote mpaka wa mwisho. Nilifurahi kusikia, lakini sikuandika popote. Kwenye jedwali langu mzee alikuwa mstari mtupu. Wenzangu kwenye semina walikuwa na jina la watu kama yeye, waliwaita wasiofanya kazi, na mimi nikalitumia jina hilo bila kufikiri.

Mwaka ulipokwisha, kamati ya maadili ya utafiti ilitaka kila mshiriki akubali upya. Ni sheria nzuri, msije mkasema nimeitukana. Mtu anaweza kubadili mawazo, na ni haki aulizwe. Tatizo ni namna nilivyouliza. Niliandika ujumbe, na kwa wasiosoma nikaurekodi kwa sauti yangu, nikaupeleka kundini mbele ya wote: anayekubali kuendelea ajibu NDIYO, asiyejibu kufikia Ijumaa saa kumi jioni ataondolewa. Nilijiona mtu wa haki kabisa.

Kati ya watu karibu arobaini, kumi na wawili hawakujibu. Ijumaa saa kumi na dakika tano nilikaa mezani na kikombe cha chai nikawatoa mmoja mmoja. Niseme ukweli, nilisikia raha. Orodha yangu ikawa safi, kila jina na alama yake. Nilimaliza chai nikaenda kuwapa kuku mtama.

Mnajua WhatsApp haina siri. Kila niliyemtoa, kundi zima liliona: fulani ametolewa. Mara kumi na mbili. Jumamosi asubuhi hakuna aliyesema ameamka. Jumapili kimya. Jumatatu Mwenda akanipigia kutoka dukani, nikasikia mabati yakishushwa nyuma yake.

"Madam, hii kitu umefanya haiko poa."

Nikamweleza habari za kamati, sheria na ruhusa.

"Hiyo ya kamati sijui. Mimi najua watu wameona wenzao wakitupwa nje, na kila mtu anajiuliza kama yeye ndiye wa kesho. Sisi tumeshafukuzwa sana. Kwa nyumba, kwa kazi, hata kwa kanisa. Hapa ndio mahali tulikuwa tumepata hatufukuzwi."

Akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "Na wale wa Kinna, umewauliza mara mbili. Mzee amekupa mkono, halafu unamwuliza tena mbele ya watu. Kwao hiyo ni kumwambia alidanganya."

Nilikaa chini. Nilianza kuwapigia mmoja baada ya mwingine, na wengi wao mambo yalikuwa ya kawaida tu. Mmoja alikuwa malishoni na ngamia, hana mtandao. Wengine bando ilikuwa imeisha. Mama mmoja alidhani NDIYO yake ya mwaka jana bado iko. Wawili walisema wazi kwamba kundi limewatosha na hawataki kurudi, nikawashukuru kwa moyo. Mzee Jillo hakupatikana. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nikapiga ya Qabale.

"Mama, tangu Ijumaa haongei," akasema. "Chai anaacha inapoa. Dawa hataki. Kwa shamba haendi. Amerudi kwa ukuta."

Niliogopa. Sitaki kuwaficha. Miezi saba ile ya kwanza alitoka akiwa mifupa, na muuguzi alikuwa amemwonya Qabale kwamba mzee hana mwili wa kurudia. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumpigia muuguzi wa zahanati ya Kinna aende amwone, na akaenda siku hiyo hiyo. Hilo liwe la kwanza kwenu pia, kabla ya kufikiri jambo lolote la utafiti. Muuguzi akarudi na jibu kwamba mzee alimpa mkono, akamsikiliza kwa heshima, na hakusema neno.

Jambo la pili lilikuwa gumu. Kulingana na kanuni zetu, mshiriki asiyejibu ombi la kukubali upya hafuatwi. Kumfuata ni kumshinikiza. Nilimpigia Daktari nikamwambia nataka kwenda Kinna. Akasema, "Karimi, ngoja. Nitaiandikia kamati kwanza. Kama kunyamaza kwake kulikuwa ni hapana, ukienda utakuwa umeivunja hapana yake."

Sikumlaumu na simlaumu leo. Sheria ile iliandikwa kuwalinda watu dhidi ya sisi wenye kalamu, na wanahitaji kulindwa hivyo. Lakini nilihesabu ishirini na bado sikuwa na amani. Kama kunyamaza kwake kulikuwa hapana, kwenda ni kosa. Kama kulikuwa ndio, kukaa ni kosa kubwa zaidi. Na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwamba hatatakiwa kusema, kisha nikamtoa kwa sababu hakusema. Nilipoliona hivyo, nikiwa nimesimama katikati ya ofisi na simu sikioni, nililia.

Nikamwambia Daktari, "Siendi kutafuta sahihi. Naenda kuomba msamaha."

"Basi usibebe fomu hata moja," akasema.

Nilipomwambia Mwenda, akasema haiwezekani niende hivi hivi. "Mzee umemtoa mbele ya watu. Utamrudisha aje kisirisiri? Sema kwanza kwa kundi. Na usiandike. Ongea." Kwa hivyo nilirekodi. Nilirudia mara nne kwa sababu mara tatu za kwanza nilikuwa najitetea. Ya nne ilikuwa fupi: niliwaahidi watu kwamba wanaweza kukaa bila kusema, nikavunja ahadi, nimekosa, naomba mnisamehe. Jioni ile niliwarudisha waliotaka kurudi, na majibu yakaanza kuingia. Si wote walionisamehe. Mwanamke mmoja wa Leparua alisema amenisikia, na kusamehe atafikiria.

Kesho yake, Jumanne, mimi na Mwenda tulifika Kinna saa nne asubuhi. Nilibeba kilo mbili za sukari na majani ya chai, kama mtu anayekwenda kwa wakwe. Qabale alitupokea akatuingiza. Mzee alikuwa kitandani, mgongo kwetu. Nikasalimia, Mwenda akasalimia. Mzee akaitikia salamu, kwa sababu ni mtu wa adabu, lakini hakugeuka.

Niliketi. Sikuwa na karatasi ya kushika, na mikono yangu haikujua pa kukaa. Nilimwambia yote kama nilivyoliambia kundi. Qabale alikuwa anatafsiri kwa Kiborana pale aliponiona nimetumia maneno ya ofisini. Nilipomaliza nilinyamaza. Sikuhesabu. Chai ikaletwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa.

Ndipo aliposema, bado ameangalia ukuta. "Ulisema nikae nisikize. Nimekaa. Nimesikiza. Kosa langu ni gani?"

"Huna kosa, mzee wangu. Kosa ni langu."

"Sasa mbona uliniuliza tena? Ile ya kwanza nilidanganya?"

"Hukudanganya. Mimi ndiye niliyesahau nilichokuahidi."

Qabale akaongezea, "Nilimwambia nimwandikie hiyo ndio. Akasema yeye alishasema."

Mwenda akavuta kigoda karibu na kitanda. "Mzee, mimi ndio Mwenda. Ile sauti ya salamu ndefu."

Mzee akageuka. Alimwangalia Mwenda tangu kichwani mpaka miguuni, taratibu, halafu akasema, "Mguu wa mama yako umepona?"

Mwenda alikuwa ametaja mguu wa mama yake kundini mara moja tu, miezi mingi kabla, na hakuna mtu aliyeuliza tena. Mzee akamwuliza pia juu ya mtoto wake aliyekuwa anafanya mtihani, na juu ya yule dada wa Leparua ambaye alikuwa na ndoto mbaya, kama bado zinamjia. Aliuliza juu ya watu tisa au kumi, kila mmoja na shida yake, hakukosea hata moja. Yule ambaye kwenye jedwali langu alikuwa mstari mtupu alikuwa amewabeba wote kichwani mwaka mzima.

Baada ya muda akaniuliza mimi. "Hii kuandika-andika yenu, ni lazima?"

Hapo nikamweleza polepole kile nilichopaswa kumweleza siku ya benchi. Kwamba kundi ni kitu kimoja, na utafiti ni kitu kingine. Kundi ni lao. Utafiti ni sisi kuchukua wanayoyasema, kuyaandika, kuyapeleka kwa wasomi wajifunze. Yote haya yalikuwa kwenye fomu ile niliyomsomea mbio mbio. Nikamwambia, na hapa nilikuwa naamua mwenyewe kabla ya kamati, kwamba mtu anaweza kukataa kuandikwa na bado akakaa kundini.

Akafikiri. "Kundi narudi," akasema. "Kuandikwa, hapana."

Nikasema, "Nimesikia, mzee." Na nilikuwa nimesikia. Katika miaka yote ya kazi nilikuwa nimepata ndio nyingi sana za haraka, za adabu, za kutaka niondoke. Hapana kama ile, iliyofikiriwa na kusemwa machoni, sikumbuki kuipata kabla yake. Nilimrudisha kundini pale pale kwa simu yangu, na sauti za kumkaribisha zilianza kuingia kabla hatujatoka mlangoni. Qabale alimletea dawa na maji, akazichukua. Jumatano muuguzi alipopita alimkuta shambani, amekaa kando ya mtaro.

Tulipata barua kali kutoka kwa kamati kwa sababu ya safari ile, na tuliistahili. Daktari aliijibu kwa ukweli. Kisha wakatubadilishia utaratibu, ule mnaoukuta sasa: kila mtu aulizwe faragha, na kukataa utafiti kusimfukuze mtu kundini. Kila kilichomhusu Mzee Jillo tulikifuta. Hakikuwa kingi, lakini nilihakikisha mara mbili. Wale waliokaa kimya tuliacha kuwaita wasiofanya kazi. Daktari anawaita wasikilizaji, na sasa anawatafiti hasa wao, wale wanaokubali. Ukitaka kujua kundi kama lile linamfanyia mtu nini, usihesabu wanaosema peke yao.

Kabla ya kuandika kurasa hizi nilikwenda kwa mzee kumwomba ruhusa ya kuwasimulia lililotokea. Aliniruhusu niseme yaliyopita kati yangu na yeye, kwa jina lingine, ili mjifunze. Nilimwuliza mara moja tu.

Kuna jambo moja limebaki. Wiki ya tatu baada ya kurudi kwake, asubuhi, simu ya kazi ililia nikaona namba ya Mzee Jillo, na ujumbe wa sauti kundini, wa kwanza tangu aingie. Ulikuwa wa zaidi ya dakika nne. Nilikuwa jikoni, sufuria ya uji motoni. Nilisikiliza nimesimama mpaka mwisho, kisha nikasikiliza tena mpaka uji ukaungua. Miaka ishirini na zaidi ya kusikiliza watu, sijawahi kusikia maneno niliyotamani kuyaandika kama yale. Hayamo humu, wala hayamo kwenye faili yoyote mtakayoifungua. Alisema hapana.